Fimbo, mwavuli na mtama: Waingereza walipojifunza kujihami

Usiku wa tarehe 17 Julai 1862, mbunge mmoja aitwaye Pilkington alitoka bungeni London akashika njia kwa miguu kuelekea klabuni kwake. Alipita Pall Mall, mtaa wa mabwana wakubwa na mtaa wa kwanza jijini humo kuwekewa taa za gesi. Hapo hapo, kwenye mwanga, akapigwa roba. Watu wawili walimvamia, wakamkaba shingo, wakaondoka na saa yake. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi, na wa Nairobi atasema tu kwamba alipigwa ngeta. Waingereza nao waliuita mtindo huo garoti, jina la chombo ambacho Wahispania walikitumia kunyongea wahalifu.

Uhalifu wenyewe haukuwa mpya. Mpya alikuwa mtu aliyekabwa. Maskini wa mashariki mwa London walikuwa wakikabwa miaka yote na hakuna gazeti lililopiga kelele. Alipoguswa mbunge, habari za roba zikajaa magazetini miezi iliyofuata. Mbinu ikachambuliwa hatua kwa hatua: mmoja anatangulia kuangalia njia, mmoja anabaki nyuma kulinda, na wa tatu, mkabaji mwenyewe, anajitokeza gizani na kupitisha mkono shingoni. Lawama walitupiwa wafungwa walioachiwa kabla ya kumaliza vifungo, kwa kuwa upelekaji wa wafungwa Australia ulikuwa umepungua sana na Uingereza sasa ilikuwa ikibaki na wahalifu wake. Mwaka 1863 Bunge likapitisha sheria ya kuwacharaza viboko wakabaji. Jarida la vichekesho la Punch likachora mabwana waliojifunga kola zenye miiba shingoni.

Nimeanzia hapo kwa sababu historia ya kujihami katika zama za Malkia Victoria (1837 hadi 1901) na za mwanawe Edward wa Saba (1901 hadi 1910, ingawa wengi huzivuta hadi Vita Kuu ya 1914) ina mafundo mengi. Ndondi, mieleka, fimbo, savate, jujitsu, bartitsu, judo: majina hurundikwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na picha inayobaki kichwani ni ya bwana mwenye masharubu anayezungusha mwavuli. Kwangu mimi fundo hufunguka ukiuliza kila mara swali moja: nani alikuwa akimwogopa nani? Ukilishika swali hilo utaiona hofu ikihama. Inaanzia kwa bwana anayemwogopa kibaka, inaishia kwa mwanamke anayemwogopa polisi, na mbinu zinazotumika ni zile zile.

Kwa nini si bastola?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tajiri wa London asibebe bastola akalala usingizi. Wapo waliobeba. Hadi mwaka 1903 hapakuwa na kizuizi cha maana cha kununua bastola Uingereza. Sheria ya 1870 ilidai tu leseni ya shilingi 10 kwa mtu anayetembea na silaha ya moto nje ya eneo lake, na leseni hiyo ilipatikana posta. Januari 1909, majambazi wawili walipoanza kufyatua risasi Tottenham, kaskazini mwa London, polisi waliowakimbiza waliazima bastola kwa wapita njia, na wakazipata. Kwa hiyo ukosefu wa bunduki hauelezi kwa nini fimbo ilipendwa.

Sheria inaeleza zaidi. Mwingereza aliruhusiwa kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari iliyomkabili, na aliyemuua kibaka kwa sababu ya saa ya mfukoni alijua atasimama mbele ya hakimu. Halafu kulikuwa na suala la heshima. Upanga ulikuwa umekwisha kutoka viunoni mwa mabwana tangu karne ya 18, na duweli, pambano la silaha la watu wawili kwa ajili ya heshima, ilikuwa imekufa: ya mwisho kumuua mtu katika ardhi ya England ilipiganwa mwaka 1852, tena kati ya wakimbizi wawili wa Kifaransa. Mkono uliozoea upanga ukabaki na fimbo ya kutembelea. Kila bwana alikuwa nayo, hakuna aliyeishangaa, haikuhitaji leseni, na mvua ikinyesha mwavuli ulichukua nafasi yake.

Ngumi zilivyogeuka mchezo

Ungemuuliza Mwingereza wa mwaka 1860 silaha yake ya asili ni ipi, angekunja ngumi akuoneshe. Walijivunia jambo hilo kupita kiasi. Mfaransa anapiga mateke, Mwitaliano anachomoa kisu, lakini Mwingereza anasimama wima na kupigana kwa mikono yake: ndivyo walivyopenda kujieleza.

Tarehe 17 Aprili 1860, kwenye uwanja wa majani huko Farnborough, Tom Sayers wa Uingereza alipambana na Mmarekani John Heenan, aliyemzidi kimo na uzito kwa mbali. Pambano hilo lilikuwa haramu, kwa hiyo treni maalumu ziliondoka kituo cha London Bridge alfajiri, abiria wakiwa na tiketi zisizotaja mwisho wa safari. Walipigana zaidi ya saa mbili bila glavu. Mkono wa kulia wa Sayers uliumia mapema, akaendelea na wa kushoto peke yake, huku uso wa Heenan ukivimba hadi akawa haoni vizuri. Mwishowe watazamaji walivamia ulingo, polisi wakafika, ikatangazwa sare.

Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita ni kwamba ngumi za zama zile hazikuwa ngumi peke yake. Kanuni za ndondi za London za mwaka 1838 zilimruhusu mpiganaji kumkumbatia mwenzake juu ya kiuno na kumbwaga chini, na raundi ilikwisha pale mtu alipoanguka. Bondia mzuri alikuwa pia mwanamieleka. Kisha zikaja kanuni zilizobeba jina la Marquess wa Queensberry, ingawa mwandishi wake ni John Graham Chambers. Zilichapishwa mwaka 1867 na zilileta glavu, raundi za dakika 3, pumziko la dakika 1 na hesabu ya sekunde 10. Tena zilipiga marufuku kushikana na kubwagana. Mwaka 1882, katika kesi iliyojulikana kwa jina la Coney, majaji waliamua kwamba kupigana ngumi kavu ni shambulio hata kama wapiganaji wote wawili wameridhia.

Ndondi ikasafishika, ikaingia shule, vyuo na jeshi. Mimi nalisifu badiliko hilo, kwa sababu liliokoa vijana wengi. Lakini lina gharama ambayo bila kuielewa huwezi kuielewa sura inayofuata: kila kilichoondolewa ulingoni kilibaki uchochoroni. Kukabwa shingo, kushikwa koti, kupigwa mtama, kuangukiwa na mtu mzito, yote hayo bondia mpya hakufundishwa kuyajibu. Kizazi cha mabwana kilikua kikijua kupiga ngumi vizuri sana katika hali ambayo kibaka hawezi kukupa.

Mhandisi aliyerudi kutoka Kobe

Pengo hilo ndilo aliloliona Edward William Barton-Wright. Alizaliwa mwaka 1860 Bangalore, India, mtoto wa mhandisi wa reli, na yeye mwenyewe akawa mhandisi. Katikati ya miaka ya 1890 alifanya kazi Japan, katika mji wa bandari wa Kobe, na huko akajifunza jujitsu. Alirudi London mwaka 1898. Mwaka uliofuata alichapisha katika jarida la Pearson's makala mbili zenye picha nyingi kuhusu alichokiita sanaa mpya ya kujihami, akaipa jina la bartitsu, nusu Barton, nusu jujitsu.

Alieleza msingi wake kwa hatua tatu, na sijaona maelezo mafupi na safi kuliko hayo. Kwanza, mwondolee adui mizani yake. Pili, mshtukize kabla hajaipata tena. Tatu, ikibidi, vibane viungo vyake, shingo, bega, kiwiko, kifundo, mgongo au goti, kwa namna ambayo maumbile hayawezi kuhimili.

Tazama somo lake la namna ya kumtoa mkorofi chumbani. Unamshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wako wa kulia na kumvuta kwako ghafla. Hatua moja tu anayoyumba inatosha. Mkono wake sasa umenyooka, kwa hiyo unaupitisha mkono wako wa kushoto chini ya wake na kushika kola ya koti lake upande wa pili. Kiwiko chake kimelala juu ya mkono wako kama mti juu ya jiwe. Ukikandamiza kifundo chini kidogo, kiwiko kinakataa, na mtu mwenye kilo 90 anainuka kwa ncha za vidole na kutembea kwenda mlangoni kwa adabu. Hakuna ngumi iliyorushwa. Hakuna hakimu wa kujieleza kwake.

Somo jingine lilihusu koti la baridi. Barton-Wright alishauri kwamba ukipita mtaa wa mashaka, ulitundike koti mabegani bila kuvaa mikono. Adui akitokea, unalirusha juu ya kichwa chake, unampiga tumboni wakati amezibwa macho, kisha unamzunguka na kumvuta mguu kutoka nyuma. Napenda sana mafunzo haya ya mavazi. Yanaonyesha kwamba aliwaza mtu halisi barabarani, aliyevaa alichovaa, akitoka alikotoka.

Fimbo ilikuwa kazi ya Pierre Vigny, mwalimu kutoka Uswisi aliyejua pia savate, ule upiganaji wa Kifaransa wa mateke ambao tangu karibu mwaka 1830 ulikuwa umechanganywa na ngumi za Kiingereza. Shule za zamani za fimbo ziliiga upanga: mkono chini, ncha mbele. Vigny aliona kasoro. Upanga una kikinga mkono, fimbo haina, na pigo la kwanza la adui litavunja vidole vyako. Kwa hiyo yeye aliuinua mkono juu, mbali na adui, fimbo ikining'inia mbele kama mlango. Alimwachia adui kichwa wazi kama chambo. Adui anapopiga, mguu wa mbele unarudishwa nyuma, pigo linapita hewani, na fimbo inashuka juu ya kifundo cha mkono wake. Silaha aliyoipenda ilikuwa fimbo ya mmalaka, aina ya henzirani, ngumu na nyepesi, yenye kichwa cha madini.

Klabu ya Bartitsu ilifunguliwa Shaftesbury Avenue, mtaa wa Soho, katika ukumbi wa chini ya ardhi wenye kuta za vigae vyeupe na taa za umeme. Hapo alikuwepo Vigny, alikuwepo Armand Cherpillod, mwanamieleka wa Uswisi, na walikuwepo vijana wawili wa Kijapani, Yukio Tani na Sadakazu Uyenishi. Tani alifika London mwaka 1900 akiwa na miaka 19. Kapteni Alfred Hutton, mpenzi wa mapanga ya kale, naye alifundisha pale. Wazo la Barton-Wright lilikuwa kuzipanga sanaa hizi kwa umbali. Adui akiwa mbali, fimbo, akisogea, mguu na ngumi, akikushika, jujitsu. Leo kila anayefundisha kujihami anasema hivyo na kuliona jambo la kawaida. Mwaka 1900, kwa Mzungu kusema kwamba Mwingereza amfuate Mfaransa kwa mateke na Mjapani kwa mieleka, lilikuwa jambo zito.

Klabu haikudumu. Kufikia mwaka 1902 ilikuwa imefungwa. Ada yake ilikuwa kubwa, na Barton-Wright hakuelewana na baadhi ya walimu wake. Yeye alihamia kwenye tiba za joto, mwanga na umeme, na kazi hiyo haikumtajirisha.

Tani jukwaani

Walimu ndio walioibeba sanaa hiyo hadi kwa watu wa kawaida. Tani aliungana na William Bankier, mtu wa misuli aliyejiita Apollo, wakazunguka kumbi za burudani nchi nzima. Bankier alitangaza zawadi ya fedha kwa yeyote atakayedumu na kijana huyu mfupi kwa dakika zilizowekwa. Wafua vyuma, wanajeshi na wanamieleka walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine. Wengi walishuka wakisugua viwiko.

Hapa lazima niseme wazi, maana ndipo hadithi ya maajabu inapozaliwa. Aliyepanda jukwaani alitakiwa kuvaa jaketi la jujitsu na kupigana kwa kanuni za jujitsu, yaani hadi mtu apige mkeka kuashiria ameshindwa. Mwanamieleka wa Lancashire hakuwahi kukabwa kwa kola ya nguo yake mwenyewe. Tani alikuwa fundi wa hali ya juu, lakini pia alikuwa akicheza nyumbani kwake. Kudai kwamba jujitsu inaondoa kabisa faida ya uzito na nguvu ni uongo uliouza tiketi wakati ule, na bado unauza.

Siasa ilisaidia. Uingereza na Japan zilitia saini mkataba wa urafiki wa kijeshi mwaka 1902, na Japan ilipoishinda Urusi katika vita vya 1904 na 1905, kila mtu Ulaya alitaka kujua siri ya mdogo aliyemwangusha mkubwa. Ufaransa nayo ilishikwa. Oktoba 1905, Courbevoie karibu na Paris, Ernest Régnier, aliyefundishwa jujitsu London na kujiita Ré-Nié, alimshinda mwalimu wa silaha Georges Dubois katika muda usiofika nusu dakika.

Majina jujitsu na judo yalichanganywa tangu hapo. Jujitsu ni jina la jumla la shule nyingi za kale za Japan. Judo ni mfumo mmoja, uliobuniwa na Kano Jigoro aliyefungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Tani na Uyenishi waliingia Uingereza kama watu wa jujitsu. Tani alipewa daraja la judo na Kano mwenyewe mwaka 1920, Kano alipoitembelea Budokwai, klabu iliyoanzishwa London mwaka 1918 na Gunji Koizumi.

Wanawake waingia mkekani

Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wanawake wa Uingereza walikuwa wakitoka nyumbani peke yao kuliko zamani. Baiskeli, kazi za ofisini za kupiga chapa, maduka makubwa, treni: yote yaliwaleta mtaani bila kaka wala mume. Wanaume wenye mikono mirefu waliwafuata huko. Silaha ya kwanza iliyopatikana ilikuwa pini ya kofia. Kofia za wakati ule zilikuwa pana kama sinia na zilihitaji pini ndefu za chuma kuzishikiza kwenye nywele, na mwanamke aliyeguswa kwenye tramu alijua pa kuichomeka. Wanaume walilalamika hadi baadhi ya miji ikatunga sheria. Chicago ilipunguza urefu wa pini hizo mwaka 1910. Inaniuma kila ninapoisoma habari hiyo: walipima pini, hawakuipima mikono iliyosababisha pini ichomolewe.

Jujitsu iliwafaa wanawake kwa sababu ile ile iliyomfanya Tani kuwa kivutio. Emily Diana Watts, mwanafunzi wa Uyenishi, alichapisha kitabu cha mafunzo mwaka 1906. Mwanafunzi mwingine, Edith Garrud, ndiye aliyebadilisha mkondo wa historia hii. Alizaliwa Bath mwaka 1872, akaolewa na William Garrud, mwalimu wa mazoezi ya mwili. Kimo chake hakikuzidi sentimita 150. Wote wawili walijifunza kwa Uyenishi katika shule yake ya Golden Square, na Uyenishi alipoondoka Uingereza wao wakaichukua shule.

Mwaka 1903, mjini Manchester, Emmeline Pankhurst na binti zake walikuwa wameanzisha Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake kudai kura. Wafuasi wao waliitwa masafrajeti. Mikutano yao ilivamiwa na wahuni, na walipopiga kelele kwenye mikutano ya wanasiasa walitolewa kwa kuburutwa. Mwaka 1909 Edith alianza kuwafundisha rasmi. Alifanya maonyesho mbele ya hadhira, akimwangusha mtu aliyevaa kama polisi, na aliandika kwenye majarida. Julai 1910 Punch ilichora mwanamke mdogo amesimama imara, polisi wakijikunyata mbele yake, wengine tayari wamerushwa juu ya uzio.

Miezi minne baadaye kicheko kilikatika. Tarehe 18 Novemba 1910, wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda bungeni baada ya muswada wa kuwapa baadhi yao kura kutelekezwa. Kwa saa sita polisi na wahuni mtaani waliwapiga, waliwaangusha na kuwarudisha kwenye umati wapigwe tena. Wengi walitoa ushahidi kwamba walishikwa matiti na kuinuliwa sketi mbele ya watu. Waliokamatwa walikuwa wanawake 115 na wanaume 4, na kesho yake karibu mashtaka yote yakafutwa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Winston Churchill, yule yule aliyepanda treni Mombasa kwenda Uganda mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni. Siku hiyo inaitwa Ijumaa Nyeusi.

Hapo ndipo hofu ilipohama kabisa. Sheria ya 1863 ilimchapa viboko mtu aliyemkaba bwana. Mwaka 1910 watu wa sheria ndio waliokuwa na mikono juu ya wanawake, na hapakuwa na Bunge la kwenda kulilalamikia, kwa kuwa hilo Bunge ndilo walilofungiwa nje.

Masafrajeti walianza kuvaa makaratasi magumu chini ya nguo kulinda mbavu. Mwaka 1912 waliovunja vioo vya maduka mitaa ya katikati ya London, kwa mujibu wa Edith mwenyewe, walikimbilia shuleni kwake, wakaficha mawe na rungu zao chini ya mikeka. Polisi walipobisha hodi walikuta darasa la akina dada likiendelea na mazoezi.

Mwaka 1913 ilikuja sheria ambayo watu waliiita ya Paka na Panya. Safrajeti aliyegoma kula gerezani aliachiwa anapodhoofika, kisha akakamatwa tena akipata nafuu. Bila kulijua hili huwezi kuelewa kwa nini kundi la walinzi lilihitajika. Kazi yao ilikuwa kumzuia paka. Wanawake kama 30 waliunda kikosi cha kumlinda Emmeline Pankhurst, wakisimamiwa na Gertrude Harding, mzaliwa wa Canada, na kufundishwa na Edith. Walikutana kwa siri, wakibadilisha mahali mara kwa mara kwa sababu ya wapelelezi. Chini ya magauni walificha rungu za mazoezi, zile za mbao ambazo jeshi la Uingereza lilizichukua kutoka India na kuzifanya vifaa vya kunyoosha viungo. Wakati mwingine walitumia akili kuliko rungu: Februari 1914, Camden Square, walimtoa nje mwanamke aliyejifunika shela, polisi wakamrukia na kumkamata, na walipogundua si yeye, Pankhurst alikuwa ameshaondoka.

Tarehe 9 Machi 1914 ukumbi wa St Andrew's, Glasgow, ulijaa maelfu ya watu. Walinzi walikuwa wamesafiri usiku kucha kwa treni kutoka London na sasa walikaa jukwaani kwenye viti, wametulia. Polisi walikuwa wamezunguka milango yote. Pankhurst aliingia kwa kulipa kiingilio kama mtazamaji mwingine yeyote, na ghafla akaonekana mbele akiongea. Hakufika mbali, polisi wakamiminika kuelekea jukwaani. Wa kwanza waliruka kushika maua yaliyopamba ukingo wa jukwaa, na wakarudisha mikono yenye damu, kwa sababu ndani ya maua kulikuwa na senyenge. Vyungu vya maua na viti vikaruka, rungu zikatoka kwenye magauni, mwanamke mmoja akafyatua bastola yenye risasi za mlio tu, na mbele ya watu waliolipa kiingilio kusikiliza hotuba, wanaume wenye marungu ya serikali walipambana na wanawake waliojifunza kwenye mikeka ya Soho. Pankhurst alikamatwa, lakini Glasgow nzima ilikuwa imeona namna anavyokamatwa.

Agosti mwaka huo vita vilianza na Pankhurst akasimamisha mapambano. Mwaka 1918 wanawake wenye umri wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza masharti ya mali walipewa kura, na mwaka 1928 wote wakawa sawa na wanaume. Sidai kwamba jujitsu ndiyo iliyoleta kura. Ninachodai ni kwamba iliwapa wanawake miaka kadhaa ya kusimama mbele ya watu waliozoea kuwabeba kama mizigo.

Jina la bartitsu lenyewe lingepotea kama lisingevuka kwenye hadithi. Mwaka 1903 Arthur Conan Doyle alimrudisha mpelelezi wake Sherlock Holmes kutoka kaburini, akaeleza kwamba alimshinda adui yake kwenye maporomoko kwa kutumia baritsu. Herufi moja ilianguka njiani, na wasomaji kwa miongo mingi walilitafuta neno ambalo halikuwepo. Mwenye sanaa alikuwa bado hai London wakati wote huo. Koizumi alimtafuta na kuongea naye mwaka 1950, akamtambulisha kwa wanafunzi wa Budokwai. Barton-Wright alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 90, akazikwa Kingston katika kaburi lisilo na jina.

Edith Garrud aliendelea kufundisha hadi mwaka 1925, yeye na mumewe walipoiuza shule. Alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 99. Kufikia siku hiyo alikuwa ameishi miaka 43 katika nchi ambayo mwanamke alipiga kura sawasawa na polisi.